Takwimu za ajira, simu ya kaka, na ng'ombe mmoja wa Mamba

Najua nimepotea. Majaribio yalitubana wiki mbili mfululizo, mvua za masika nazo ndo hizo, na dari la chumba chetu limeamua kuvuja juu ya kitanda changu na si cha mwenzangu. Leo nimeshiba wali maharage, nimepata meza kavu, acha niandike kitu ambacho kimekuwa kichwani tangu Jumapili.

Jumapili usiku kaka alinipigia simu kutoka nyumbani Mamba. Kila nikisema natoka Mamba watu hapa Mlimani wananiuliza, "Mamba ya Moshi?" Hapana jamani. Mamba yetu ipo bonde la Ziwa Rukwa, Halmashauri ya Mpimbwe, mkoa wa Katavi. Unatoka Mpanda, unapita Sitalike, unakatiza Hifadhi ya Katavi viboko wakikuangalia, unafika Kibaoni, halafu unakunja kuelekea Majimoto. Tulikuwa mkoa wa Rukwa, wilaya ya Mpanda, mpaka mwaka 2012 Katavi ilipozaliwa. Kwetu ni mpunga, mahindi, ufuta na vumbi. Na siku hizi watu wengi! Sensa ya 2012 iliikuta Katavi ina watu 564,604, ile ya 2022 ikakuta 1,152,958. Yaani mkoa umejaa mara mbili ndani ya miaka kumi.

Kaka yangu ni mwalimu. Au niseme amesomea ualimu, maana alihitimu mwaka 2017 na mpaka leo hajaingia darasani kama mwajiriwa. Masomo yake ni historia na Kiswahili, ndo haya haya ninayosoma mimi (mama alijaribu kunionya). Mwanzoni mwa 2025 alifanya usaili wa walimu, hakupata. Serikali yenyewe ilieleza kwamba kwa nafasi 14,648 za ualimu walijitokeza waombaji zaidi ya laki mbili. Alipoiona hiyo namba alicheka, akasema bora, maana alidhani kosa ni lake peke yake.

Sasa Jumapili ananiambia, "Dogo, nina ng'ombe mmoja aliyefikia bei. Nimuuze nipate nauli na hela ya kukaa mjini niendelee na hizi saili, au nimuuze ninunue pampu ya maji nilime mboga kiangazi? Wewe si unasoma historia bwana, hebu niambie, hii kitu ya ajira ilishawahi kubadilika au ndo tunadanganyana?"

Nikamwambia nipe siku chache. Nikazama East Africana pale maktaba, kwenye makaratasi yenye harufu ya dawa ya mende. Nilichokikuta ndo hiki.

Kwanza nianze mbali kidogo, Marekani. Wenzetu kule wana taarifa ya ajira ya kila mwezi, mara nyingi inatoka Ijumaa ya kwanza. Ikiwa mbaya, siku hiyo hiyo wanasiasa wanashikana mashati. Tarehe 1 Agosti 2025 taarifa ilisema Julai zimeongezeka ajira 73,000 tu, na za Mei na Juni zikapunguzwa kwa jumla ya 258,000 ukilinganisha na zilivyotangazwa mwanzo. Rais Trump akakasirika, akasema namba zimechakachuliwa bila kutoa ushahidi, na jioni yake akamfukuza kazi Erika McEntarfer, kamishna wa ofisi inayotoa hizo takwimu. Yaani kipimajoto kimesema una homa, unakivunja kipimajoto. Darasani tulicheka sana. Mimi niliendelea kucheka mpaka nilipojiuliza, je sisi kipimajoto chetu kinasomwa lini?

Sisi hatuna cha kila mwezi. Tuna utafiti wa nguvukazi, na mkubwa wa namna hiyo umefanyika 1990/91, 2000/01, 2006, 2014 na 2020/21. Kati ya 2006 na 2014 ni miaka 8! Mtoto anazaliwa, anaanza shule, anafika darasa la pili, namba ya ajira ni ile ile. Hiyo miaka 8 mshike vizuri, tutairudia.

Lakini kelele za kisiasa juu ya ajira hazikuanza na utafiti. Babu yetu mzaa baba alifanya kazi kwenye mgodi wa risasi (hii ya metali, si ya bunduki) pale Mpanda, chini ya kampuni ya Uruwira Minerals. Ni kwa ajili ya mgodi ule ndipo reli ya kutoka Kaliua kuja Mpanda ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940. Treni hii tunayopanda leo tukirudi chuo, ile ya kulala Tabora na mabegi miguuni, ilijengwa kubeba mawe. Kabla ya hapo kanda yetu ya magharibi ilikuwa ghala la manamba. Kuanzia 1944 wenye mashamba ya mkonge walikuwa na shirika lao la kuajiri, SILABU, lililokuwa linakusanya watu mikoa ya mbali na kuwapeleka Tanga na Morogoro. Kwa hiyo mgodi ulipokuja Mpanda, kazi ilikuwa imekufuata nyumbani.

Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Babu akarudi Mamba na sanduku la bati na kikohozi, akashika jembe. Nilimuuliza siku moja, nikiwa kidato cha pili, kama alijiona hana kazi. Akaniangalia kama nimemtukana. "Jembe si kazi?" Nilidhani ni maneno ya wazee tu. Kumbe ni swali ambalo serikali zetu zote zimelijibu, na kila moja imejibu kwa namna iliyoifaa siku hiyo.

Tuingie miaka ya sitini. Baada ya Uhuru vyama vya wafanyakazi vilikuwa na nguvu, na mwaka 1963 kima cha chini cha mshahara kikapandishwa sana; Dar es Salaam kikawa shilingi 150 kwa mwezi. Waliobaki kazini walifurahi. Wenye mashamba, hasa ya mkonge, wakapunguza watu, na bei ya mkonge duniani ilipoanguka baada ya 1964 wakapunguza zaidi. Nchi changa inakua, viwanda vinafunguliwa, magazeti yanashangilia, halafu idadi ya watu wenye ajira ya mshahara inashuka! Serikali ikamwita mtaalamu kutoka Shirika la Kazi Duniani, Profesa Turner wa Uingereza. Taarifa yake ilitoka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, na ujumbe wake haukumfurahisha mtu yeyote mwenye mshahara: mishahara imepanda haraka, ajira imepungua, na mkulima ndiye aliyeachwa nyuma.

Hapa nawaomba mtulie, kwa sababu hii ndo taarifa mbaya ya ajira ya kwanza niliyoikuta ambayo serikali yetu iliijibu kwa maandishi, hadharani, hoja kwa hoja. Jibu ni Waraka wa Serikali Namba 4 wa 1967. Haukukataa namba. Haukumfukuza Turner. Ulikubali, ukasema nyongeza za mishahara ziwe na kikomo, kama asilimia 5 kwa mwaka, na mwaka huo huo ikaanzishwa Mahakama ya Kudumu ya Kazi ya kusimamia mambo hayo. Unaweza kusema ni uungwana. Mimi nilipousoma nilianza kuona uungwana, halafu nikaona kitu kingine. Nani angepinga? Vyama huru vya wafanyakazi vilikuwa vimevunjwa 1964 baada ya maasi ya jeshi, kikabaki kimoja tu, NUTA, ambacho katibu mkuu wake wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi. Yaani mwenye kudai na mwenye kudaiwa wanakaa kiti kimoja. Ni rahisi kukubali taarifa mbaya pale ambapo anayebeba mzigo wake hana pa kusemea.

Na tangu hapo jibu la serikali kwa mtu asiye na kazi mjini likawa neno moja: kijijini. Azimio lilisema kila mtu mwenye nguvu afanye kazi, na kazi yenyewe ni kilimo. Mwaka 1976 kulikuwa na operesheni ya kila mtu afanye kazi, watu wakakamatwa Dar na kupelekwa vijijini. Wengi walirudi. Halafu ikaja ile kubwa, Nguvu Kazi ya 1983.

Wazazi wetu wengine wanaikumbuka. Uchumi ulikuwa umeshika koo: vita vya Uganda vimekula akiba, mafuta ghali, sabuni ya kupanga foleni. Edward Sokoine, Waziri Mkuu, alianza na wahujumu uchumi, na baadaye mwaka huo ikaja Sheria ya Nguvukazi. Ukikutwa mtaani Dar bila kitambulisho cha kuonyesha una kazi, unapandishwa lori. Wengine walirudishwa mikoa yao, wengine mashamba ya mkonge. Muuza karanga, muuza maji, fundi viatu wa chini ya mwembe, msusi, wote hao walikuwa mashakani kuthibitisha kwamba wanachofanya ni kazi. Walikuwa na majina yao: wazururaji, wahuni, kupe. Sokoine akafariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984 na operesheni ikapoa. Malori yaliyopeleka watu hayakuweza kuwazuia wasipande malori mengine kurudi.

Sasa wadau angalieni hapa, maana ndipo kalamu ilinidondoka. Mwaka 1983 muuza karanga alihesabiwa hana kazi, akakamatwa. Muuza karanga huyo huyo, kwenye vipimo vya kisasa, ana kazi. Kipimo cha kimataifa kinauliza kama katika siku saba zilizopita ulifanya kazi walau saa moja, kwa malipo, faida au kwa shughuli ya familia. Saa moja! Ukizungusha beseni la karanga saa moja, hongera, umeajiriwa. Hakuna kilichobadilika kwenye beseni. Kilichobadilika ni faida gani serikali inapata kwa kukuita jina gani. Wakati inataka kukuondoa mjini, huna kazi. Wakati inataka asilimia ishuke, unayo.

Nisiwaonee wataalamu wetu wa takwimu lakini. Wao waliliona hilo mapema, wakatengeneza tafsiri ya kitaifa iliyo pana kuliko ya kimataifa: inamweka kwenye wasio na kazi hata yule mwenye kibarua kisicho na uhakika wa kesho, na yule aliye tayari kufanya kazi ila ameacha kutafuta. Ndo maana mwaka 2000/01 tulikuwa na asilimia mbili tofauti, 12.9 kwa tafsiri yetu na 5.1 kwa ile ya kimataifa. Mwaka 2006 ikawa 11.7 na 4.7. Nchi moja, mwaka mmoja, majibu mawili, yote sahihi. Mwanasiasa akishaona kapu lina maembe mawili, unadhani atachukua lipi?

Tufike 2005. Jakaya Kikwete anaingia na ari mpya, nguvu mpya, kasi mpya, na ilani ya CCM inaahidi ajira milioni moja ndani ya miaka mitano. Mikopo ya wajasiriamali ikaja, wananchi wakaibatiza mabilioni ya JK. Mwaka 2010 wakati wa uchaguzi serikali ikasema lengo limevukwa, ajira zilizopatikana ni zaidi ya milioni moja. Wapinzani wakauliza ziko wapi. Ubishi ule haukuweza kuisha kwa sababu hakuna utafiti mwingine wa nguvukazi uliokuwa umefanyika tangu 2006. Mmoja anasema nimejenga, mwingine anasema hujajenga, na nyumba haina wa kwenda kuiangalia.

Sisi watu wa Mpimbwe tulikuwa na kisa chetu ndani ya hicho. Februari 2008 Edward Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu kwa sakata la Richmond, na aliyeteuliwa ni Mizengo Pinda, mtu wa Kibaoni, jirani zetu kabisa! Mtoto wa mkulima, ndivyo alivyojiita. Mimi nilikuwa mdogo sana ila mama anasimulia kwamba watu Mamba walidhani kesho yake lami itafika. Mwaka 2009 ikaja Kilimo Kwanza, na Pinda akawa mhubiri mkubwa wa matrekta madogo ya mkono, yale tunayoyaita pawatila. Jibu lilikuwa lile lile la 1967 na 1976 na 1983, safari hii bila lori la polisi: kazi ipo shambani. Na kwa kweli pawatila zilisaidia baadhi ya watu, sitaki kuwa mchoyo wa shukrani. Zingine zilikufa mapema kwa kukosa vipuri, zikabaki kuwa viti vya kuku.

Halafu Lowassa, akiwa sasa mbunge tu wa Monduli, akaanza kusema. Mwaka 2011 alilifananisha tatizo la ajira kwa vijana na bomu linalosubiri kulipuka. Ulikuwa mwaka wa Tunisia na Misri, kila mtu alielewa anamaanisha nini. Mwaka 2012 aliposema tena kwamba tatizo linaongezeka, Waziri wa Kazi na Ajira, Gaudentia Kabaka, akampinga hadharani: takwimu zinaonyesha linapungua. Lowassa akajibu kwamba hakubahatisha. Magazeti yalipata sherehe.

Nimekaa na ugomvi huo siku mbili nzima, na nawaambia ni ugomvi wa ajabu. Wote wawili wa CCM. Mmoja alikuwa Waziri Mkuu wa serikali ile ile iliyoahidi ajira milioni moja. Na wakati wanabishana mwaka 2012 kama tatizo limepanda au limeshuka, utafiti wa karibuni wa nguvukazi ulikuwa wa 2006. Miaka 6 nyuma! Takwimu ya waziri ilikuwa kweli, 12.9 ilishuka kuwa 11.7, ila ilikuwa inaeleza nchi iliyokuwepo kabla ya mtikisiko wa uchumi wa dunia wa 2008, kabla shule za kata hazijamwaga vijana wake mtaani. Bomu la Lowassa halikuwa na namba, lakini kila mzazi alikuwa na kijana sebuleni. Naona wananchi walimwamini Lowassa kwa sababu hiyo, si kwa sababu alikuwa na data bora. Miaka mitatu baadaye alihamia Chadema, akagombea urais, akapata karibu asilimia 40.

Kati ya hapo taarifa mbaya ya ajira ilitoka, ila haikutoka kwenye ofisi ya takwimu. Ilitoka uwanja wa mpira. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliita watu kwenye usaili Dar es Salaam, nafasi 70. Wakaja zaidi ya 10,000, ikabidi wakae kwenye viti vya Uwanja wa Taifa kama vile Simba inacheza na Yanga. Picha ile wengi wetu tumeiona: mashati meupe, bahasha za kaki, jua. Bunge la bajeti lilikuwa linaendelea Dodoma. Mwaka huo huo utafiti mpya ukafanyika hatimaye, na ukasema ukosefu wa ajira ni asilimia 10.3, umeshuka. Kwenye karatasi umeshuka, uwanjani umejaa. Na wala hakuna aliyedanganya! Wengi wa waliokaa kwenye vile viti, wiki iliyopita walikuwa wamefanya kazi walau saa moja mahali fulani.

Magufuli nitampita haraka, maana kipindi chake kinahitaji andiko lake. Mwaka 2016 ajira mpya serikalini zilisimamishwa kupisha uhakiki, Aprili 2017 wakatajwa watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na kaka yangu akahitimu katikati ya hayo. Lakini moja la kipindi hicho linahusika sana. Septemba 2018 Bunge lilirekebisha Sheria ya Takwimu, ikawa kosa kusambaza takwimu zenye lengo la kupotosha au kupinga zile rasmi. Adhabu kifungo kisichopungua miaka 3 au faini isiyopungua shilingi milioni 10, au vyote. Benki ya Dunia ikalalamika, na mwaka 2019 kifungu kikarekebishwa tena, makali yakatolewa. Kwa ule muda wa kati ugomvi kama wa 2012 ungekuwa na hatari yake. Tulimcheka Trump kwa kumfukuza mpimaji. Sisi tulikuwa tumemtishia msomaji wa kipimo.

Na ya karibuni mnayajua. Ilani ya CCM ya 2020 iliahidi ajira milioni 8, na katikati ya 2025 Rais Samia alipolihutubia Bunge kabla ya kulivunja, serikali ikasema zimepatikana zaidi ya milioni 8. Mwaka huo huo Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, wakaomba watu 135,027. Walimu wasio na ajira wakajiundia umoja wao. Tarehe 29 Oktoba ilikuwa siku ya uchaguzi, mnajua kilichotokea mitaani, hapo sitaongeza neno. Novemba ikaundwa wizara ya maendeleo ya vijana chini ya Ofisi ya Rais.

Nirudi Mamba. Kuna kitu kaka alinisimulia zamani nikakisahau, kimerudi nilipokuwa maktaba. Agosti 2022 karani wa sensa alifika nyumbani. Alikuwa dada mmoja aliyesoma chuo na kaka, naye mwalimu asiye na ajira, amepata hicho kibarua cha sensa. Wakasalimiana kwa furaha, mama akaleta karanga. Wakafika kwenye maswali ya kazi. Kaka akasema sina kazi. Dada akauliza, wiki iliyopita ulifanya nini? Kaka akasema nilibeba magunia ya mpunga mashineni Majimoto, na siku moja nilikuwa kwenye bustani ya mama. Dada akaangalia kishikwambi chake, akamwangalia kaka, akasema kwa upole, "Basi una kazi, mwalimu." Kaka akamuuliza, "Na wewe je?" Akajibu, "Mimi ninayo mpaka wiki ijayo." Wakacheka mpaka mama akatoka nje kuuliza kuna nini.

Mimi ni mwaka wa tatu. Mwakani mwezi kama huu nitakuwa nahesabiwa mahali, na kwa kipimo chochote mtakachotumia nitakuwa na kazi, kwa sababu mama hawezi kukubali nikae wiki nzima bila kushika jembe hata saa moja.

Jana nilimpigia kaka. Nilimwambia nilichokipata: kwamba serikali nne au tano tofauti zimekuwa zikimjibu mtu kama yeye arudi shamba, na kila moja ilidhani imegundua jibu hilo yenyewe, kwamba mwaka 1967 walikubali namba mbaya na bado hawakumpa aliyeachwa nyuma nafasi ya kusema, kwamba sijaona mahali popote kwenye makaratasi mtu aliyeulizwa kwanza anataka kazi gani. Alisikiliza kimya, nikadhani mtandao umekata. Halafu akasema, "Sawa dogo, sasa ng'ombe?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia kwa upande wangu ningenunua pampu, na usaili ningekwenda ule utakaofanyika Mpanda tu, nisifuate wa mbali. Akasema hata yeye anaelekea huko, ila mama anataka ajaribu Dodoma mara moja ya mwisho, maana hakumsomesha ili aje kushindana na Wasukuma kulima mpunga. Wamekubaliana wasubiri mavuno. Mpunga ukiingia stoo mwezi wa sita na bei ikiwa nzuri, huenda ng'ombe asiuzwe kabisa.

Taa za maktaba zinazimwa, mlinzi ameshapita mara mbili akikohoa. Mnaotoka mikoani, hebu niandikieni, 1983 wazee wenu walikuwa wapi? Babu yangu hakuwahi kupandishwa lori, lakini nasikia Mpanda kuna walioshushwa.